Leseni ikiwa mashakani, nani asubiri?

Kesi nyingi za leseni zinazofika katika mahakama za Marekani hazibishanii kama serikali ina mamlaka ya kumnyang'anya mtu leseni. Mamlaka hayo hayana ubishi: anayeendesha akiwa amelewa, anayerundika makosa ya barabarani au anayeuza magari kwa hila, sheria za majimbo zinaruhusu afungiwe. Kinachowapeleka watu mbele ya jaji ni suala la wakati. Je, mhusika asikilizwe kwanza ndipo leseni ichukuliwe, au leseni ichukuliwe kwanza ndipo asikilizwe? Kwa asiyeishi kwa usukani, swali hili linaweza kuonekana la makarani tu. Mimi natunza hesabu za madereva kadhaa wa malori, wengi wao ndugu zetu waliotoka Kongo, Kenya na Burundi, na ninavyoona, dereva anayerudishiwa leseni baada ya miezi minne ya kukaa nyumbani amerudishiwa kadi tupu, kwa kuwa lori limekwisha kurudi mikononi mwa benki na mteja amekwisha kumpata msafirishaji mwingine. Sina shahada ya sheria, lakini hukumu zenyewe zinasomeka, na nikizisoma naona swali moja likijirudia chini ya maneno yote ya kitaalamu: wakati ukweli bado haujajulikana, ni nani anayelazimishwa kusubiri kwa gharama yake mwenyewe?

Hukumu ambayo mawakili wote huanzia ni Bell dhidi ya Burson, iliyotolewa na Mahakama ya Juu ya Marekani tarehe 24 Mei 1971. Mlalamikaji alikuwa mchungaji wa Georgia aliyehudumia jamii tatu za vijijini, ambako asingefika bila gari. Mnamo Novemba 1968 mtoto wa miaka mitano aliyekuwa juu ya baiskeli aligonga ubavu wa gari lake, na wazazi wakadai dola 5,000. Mchungaji hakuwa na bima, na sheria ya Georgia ya wakati huo ilisema kwamba dereva asiye na bima akihusika katika ajali, leseni yake pamoja na usajili wa gari vitasimamishwa asipoweka dhamana ya kiasi kile kile kinachodaiwa. Aliomba kikao, akapewa, na humo akajaribu kueleza kwamba kosa halikuwa lake. Akaelezwa kwamba habari za nani ana kosa hazihusiki. Kilichotakiwa ni kujua kama alihusika katika ajali, na kama ameweka dhamana au anaangukia katika misamaha iliyotajwa na sheria. Yaani alipewa nafasi ya kusema kila kitu isipokuwa kile kimoja ambacho kingemwokoa.

Jaji William Brennan, aliyeandika uamuzi, alieleza kwamba leseni ikishatolewa, kuendelea kuwa nayo kunaweza kuwa nguzo ya riziki ya mtu, na kwa hiyo serikali haiwezi kuiondoa bila kufuata utaratibu wa haki unaotajwa katika Marekebisho ya 14 ya Katiba ya Marekani. Mahakama haikujali kama leseni inaitwa haki au fadhila. Na kwa kuwa sheria ya Georgia yenyewe ilijengwa juu ya uwezekano wa dereva kudaiwa fidia, ilibidi kikao kipime uwezekano huo kabla leseni haijasimamishwa. Waafrika Mashariki watautambua msingi huu bila shida, maana umo katika ibara ya 13(6)(a) ya Katiba ya Tanzania na katika kifungu cha 47 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010. Tofauti ni kwamba kule kwetu umeandikwa waziwazi, ilhali Marekani majaji wameuchota, kesi baada ya kesi, kutoka katika maneno machache sana.

Aliyesoma hukumu hiyo mwaka 1971 angeweza kudhani kwamba madereva wamepata ngome. Haikuchukua muda ikabomolewa nusu.

Mwaka 1977 ilifika Dixon dhidi ya Love. Love alikuwa dereva wa lori wa Chicago, na Illinois ilikuwa na mfumo wa pointi ambao kila kosa la barabarani lilikuwa na uzito wake, pointi zikifika kiwango fulani leseni inasimamishwa, na anayesimamishwa mara 3 katika miaka 10 anafutiwa kabisa. Leseni yake ilifutwa kwa barua, bila kikao. Kikao angeweza kukiomba baadaye. Mahakama ya chini, ikifuata Bell, ilimpa ushindi. Mahakama ya Juu ikaupindua. Jaji Harry Blackmun alitumia kipimo kilichowekwa mwaka mmoja nyuma katika kesi ya mafao ya ulemavu, Mathews dhidi ya Eldridge: pima uzito wa kile ambacho mtu anapoteza, pima hatari ya ofisi kukosea na kama kikao cha mapema kingeipunguza, kisha pima mzigo na maslahi ya serikali. Dereva huyu hakupinga hesabu ya makosa yake, na kila kosa lilikuwa na nafasi yake ya kusikilizwa katika mahakama ya trafiki. Kilichobaki kilikuwa kujumlisha tu, na kujumlisha hakuhitaji mashahidi.

Hoja hiyo ya kujumlisha naikubali. Nisiyoikubali kwa wepesi ni hoja iliyokaa kando yake, kwamba dereva hakuwa akipoteza jambo zito kama mtu anayekatiwa msaada wa kumlisha, kwa sababu, miongoni mwa mengine, sheria ya Illinois ilikuwa na mlango maalumu kwa wenye shida na kwa wenye leseni za biashara, ambao ndio wanaoumia zaidi. Mwaka 1977 maneno hayo yalikuwa kweli. Mwaka 1986 Bunge la Marekani lilipitisha Sheria ya Usalama wa Magari ya Biashara, iliyozaa leseni ya CDL tunayoijua leo kwa malori makubwa na mabasi, na chini ya kanuni zilizofuata jimbo haliruhusiwi kumpa dereva aliyeondolewa sifa leseni ya muda ya kuendeshea lori, hata akiwa na watoto sita na mkopo wa lori shingoni. Mwenye gari dogo anaweza kupata kibali cha kwenda kazini na hospitali. Mwenye CDL anaweza kupata kibali hicho hicho cha gari dogo, kimpeleke mpaka geti la kampuni, na hapo getini kinaishia. Mlango ambao mahakama iliutegemea umefungwa miaka mingi sasa, lakini hukumu iliyoegemea mlango huo ingali inanukuliwa kana kwamba uko wazi.

Ukali wa kanuni zenyewe haujulikani vya kutosha miongoni mwetu, kwa hiyo niutaje. Akiwa kwenye lori, kiwango cha kileo kinachomwangusha dereva ni asilimia 0.04 katika damu, nusu ya kile cha 0.08 kinachotumika katika majimbo karibu yote kwa madereva wa kawaida. Akipatikana na hatia ya ulevi, au akikataa kipimo, kwa mara ya kwanza, anaondolewa sifa ya kuendesha gari la biashara kwa mwaka 1, na ni miaka 3 ikiwa alibeba mzigo wa hatari. Mara ya pili ni maisha. Na adhabu hizi zinamfuata hata kama siku hiyo alikuwa kwenye gari lake dogo, akitoka arusini.

Kaka mmoja wa Goma aliniletea barua ya kusimamishiwa leseni ili nimsaidie kuisoma. Ilikuwa na tarehe mbili. Ya juu ilikuwa siku ilipoandikwa. Ya pili, katikati ya aya ndefu, ilikuwa siku ambayo leseni ingekufa. Maelezo ya kuomba kikao yalikuwa nyuma ya karatasi, kwa herufi ndogo kuliko zote, na idadi ya siku alizopewa ilikuwa imeanza kuhesabiwa tangu tarehe ya juu. Alikuwa njiani akivuka majimbo wakati bahasha ililala kwenye sanduku la posta. Yeye alikuwa ameisoma sehemu ya mbele tu, akaelewa kwamba mambo yamekwisha, akaanza kutafuta kazi ghalani. Tulipoigeuza karatasi, siku zilikuwa bado hazijaisha.

Kuhusu kukataa kipimo, hukumu kubwa ni Mackey dhidi ya Montrym ya mwaka 1979, kutoka Massachusetts. Dereva alikamatwa baada ya kugongana na gari jingine, akakataa kupima, akaongea na wakili wake, na takribani dakika 20 baadaye akasema sasa yuko tayari. Polisi wakakataa kumpima. Shtaka la ulevi lilifutwa mahakamani, lakini leseni ilisimamishwa kwa siku 90 vilevile, kwa sababu sheria iliadhibu kule kukataa. Majaji 5 dhidi ya 4 waliridhika na utaratibu huo: ofisa wa polisi ni shahidi anayeaminika, barabara zinahitaji ulinzi wa haraka, na dereva angeweza kwenda ofisi ya leseni akapewa kikao siku ile ile anayosalimisha kadi. Jaji Potter Stewart aliandika kwa niaba ya wanne waliopinga, Brennan akiwemo, kwamba panapokuwa na ubishi wa kweli kuhusu kilichotokea, neno la polisi lisitoshe kumwadhibu mtu kabla hajasikilizwa. Mimi niko upande wa Stewart, ingawa nakiri kwamba kikao cha siku hiyo hiyo ni kitu ambacho madereva wengi wa leo wangekifurahia mno.

Sasa tuhamie kwa wauza magari, maana huko ndiko jambo hili linapogeuka na kunionyesha sura yake nyingine. Katika majimbo ya Marekani, kiwanda hakifungui duka la magari mapya popote kinapopenda. Sheria ya California ya miaka ya 1970 ilimpa muuzaji aliyekwisha kuwepo haki ya kupinga: kiwanda kikitaka kuweka muuzaji mwingine wa chapa ile ile ndani ya maili 10, yule wa zamani akiandika pingamizi kwa Bodi ya Magari Mapya, mpango unasimama hadi bodi isikilize pande zote. General Motors ilitaka duka jipya la Buick huko Pasadena, na ilitaka kuhamisha duka la Chevrolet kutoka Glendale kwenda La Cañada. Pingamizi zikaandikwa. Hakuna ofisa aliyeziangalia ili kuona kama zina mashiko. Kuwasilishwa kwake tu kulitosha kusimamisha kila kitu. General Motors na wauzaji wawili waliokusudiwa kwa maduka hayo walishtaki wakisema wamenyimwa haki ya kusikilizwa kabla ya kuzuiwa.

Mahakama ya Juu iliamua tarehe 5 Desemba 1978, katika kesi ya Bodi ya Magari Mapya ya California dhidi ya Orrin W. Fox, mmoja wa wauzaji hao, kwamba hawakunyimwa chochote. Aliyeandika? Brennan yule yule wa kesi ya mchungaji. Kwa maoni yake, biashara ya magari ni biashara inayodhibitiwa, bunge la jimbo liliona kwamba viwanda vina nguvu kupita kiasi juu ya wauzaji wao, na lilikuwa na haki ya kuamua kwamba wakati wa kusubiri, hali ya zamani ndiyo ilindwe. Jaji John Paul Stevens alipinga, akishangaa jinsi mshindani binafsi anavyopewa uwezo wa kumfunga mwenzake mikono kwa kipande cha karatasi kisichopimwa na mtu yeyote wa serikali.

Ziweke hukumu hizi mezani pamoja. Dereva mwenye leseni mkononi anaweza kupokonywa kwanza na kusikilizwa baadaye, kwa sababu umma usihatarishwe wakati wa kusubiri. Muuza magari mwenye duka anaandika barua, na mgeni anazuiwa kwanza na kusikilizwa baadaye, kwa sababu mwenyeji asiumie wakati wa kusubiri. Sababu zote mbili zina mantiki zikisomwa peke yake. Zikisomwa pamoja, naona kwamba mahakama haina kanuni moja inayomlinda mwenye leseni. Kinachoamua ni bunge limemchagua nani awe mbeba mzigo wa kusubiri, na mabunge ya majimbo huwasikiliza zaidi wale wanaoweza kwenda kuketi kwenye kumbi zao. Wauza magari wana vyama katika kila jimbo. Dereva aliye njiani kati ya Ohio na Texas hana hata muda wa kupiga simu.

Kusubiri huko kungevumilika zaidi kama mtu angekuwa na hakika na yule anayemsubiri. Bodi ya California ilipoundwa ilikuwa na wajumbe 9, na sheria ilitaka 4 kati yao wawe wauza magari. Mwaka 1977, katika kesi iliyofunguliwa na American Motors, mahakama ya rufaa ya jimbo ilisema kwamba bodi ya namna hiyo haiwezi kuamua kwa haki ugomvi kati ya kiwanda na muuzaji, na sheria ikarekebishwa ili wajumbe wauzaji wakae pembeni ugomvi wa aina hiyo unapoamuliwa. Ilichukua miaka 45 kwa madereva kupata kitu kinachofanana na hicho. Mwaka 2022 mahakama ya rufaa ya California ilikataa utaratibu wa miaka mingi ambapo ofisa mmoja wa idara ya magari, katika kikao cha kusimamisha leseni kwa ulevi, alikuwa ndiye anayeleta ushahidi wa idara, ndiye anayepinga ushahidi wa dereva, na ndiye anayetoa uamuzi. Waliokwisha kuketi mbele ya ofisa huyo walijua zamani matokeo yalikuwaje. Na ugomvi wa aina hii haujaisha kwa wauzaji pia: Louisiana iliizuia Tesla kuwauzia wateja moja kwa moja, Tesla ikashtaki, na mwezi Agosti 2024 mahakama ya rufaa ya shirikisho ya mzunguko wa 5, yaani kanda ya 5, ilifufua sehemu ya madai yake, likiwemo lile kwamba tume inayoidhibiti imejaa washindani wake. Mwaka 2014, Massachusetts, mambo yalikuwa kinyume: chama cha wauzaji ndicho kilichoishtaki Tesla kwa duka lake la Natick, kikaambiwa na mahakama ya juu ya jimbo kwamba sheria inamlinda muuzaji dhidi ya kiwanda chake mwenyewe, si dhidi ya kiwanda cha mtu mwingine, kwa hiyo chama hakikuwa hata na sifa ya kufungua kesi.

Lipo kundi jingine la kesi ambalo linanigusa zaidi kuliko yote, nalo ni la watu waliofungiwa leseni kwa sababu ya madeni ya mahakama. Faini haijalipwa, leseni inakwenda. Bila leseni kazi inakwenda. Bila kazi faini hailipwi. Mwaka 2018 jaji wa shirikisho huko Tennessee alisema si halali kumfungia mtu bila kuuliza kama ana uwezo wa kulipa. Mwaka 2019 mahakama ya rufaa ya mzunguko wa 6 ikasema, katika kesi ya Michigan, kwamba Katiba haidai kuulizwa huko, na ushindi wa Tennessee nao ukaanguka. Huko Virginia jaji alitoa zuio la muda Desemba 2018 na kuamuru walalamikaji warudishiwe leseni. Kabla kesi haijafika mwisho, mwaka 2020, jimbo likaifuta sheria yenyewe. Walalamikaji walipata kila walichokitaka. Mawakili wao walipoomba gharama, ambazo sheria inampa mshindi katika kesi za haki za raia, suala lilipanda hadi Mahakama ya Juu, na tarehe 25 Februari 2025, katika Lackey dhidi ya Stinnie, Jaji Mkuu John Roberts na wenzake 6 waliamua kwamba zuio la muda halimfanyi mtu kuwa mshindi, kwa kuwa halimalizi kesi. Jaji Ketanji Brown Jackson na Jaji Sonia Sotomayor walipinga.

Kwa lugha ya sheria, hoja ya Roberts imenyooka. Kwa maisha ya dereva, zuio la muda ndilo kesi nzima, kwa sababu ndilo linaloamua kama ataendesha wakati wa kusubiri. Sasa jimbo linajua kwamba likiona linaelekea kushindwa, linaweza kubadilisha sheria kabla ya hukumu na kuondoka bila kulipa chochote. Sidhani kwamba wakili wa msaada wa kisheria ataacha kuchukua kesi hizi kesho asubuhi, lakini atapiga hesabu mara mbili, na wale watakaoachwa nje ya hesabu hiyo hawatakuwa wauza magari.

Kuna jambo ambalo majimbo yanaweza kulifanya bila kusubiri jaji yeyote, na California, pamoja na lawama zake zote, tayari inalo kwa sehemu. Huko, anayekamatwa kwa ulevi hupewa karatasi ya waridi inayotumika kama leseni kwa siku 30, na ana siku 10 tangu kukamatwa za kuomba kikao. Akiomba ndani ya siku hizo na idara ikashindwa kumsikiliza kabla siku 30 hazijaisha, usimamishaji unaahirishwa mpaka asikilizwe. Ofisi ikichelewa, mzigo wa kuchelewa ni wake. Majimbo mengine yana kanuni zao na siku zao, kwa hiyo anayepokea barua aigeuze nyuma siku hiyo hiyo, aombe kikao kwa maandishi, na katika barua hiyo hiyo aombe pia usimamishaji uahirishwe mpaka kikao kifanyike. Kaka wa Goma aliomba vyote viwili, na wiki hii ameondoka na mzigo kuelekea Memphis akiwa na nakala ya ombi lake ndani ya kabati la lori.